Ngoma ya Wachuka huanzia shambani kwa mwenye muringa

MJI wa Chuka umo kandokando ya barabara kuu itokayo Embu kwenda Meru, katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Zamani eneo hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya Wilaya ya Meru, hadi mwaka wa 1992 lilipotengwa katika Wilaya mpya ya Tharaka-Nithi, ambayo sasa ni kaunti. Mipaka ya utawala imebadilika, lakini sifa ya wenyeji ni ile ile. Mkenya akitajiwa Wachuka, hukumbuka ngoma kwanza.

Ngoma yenyewe ni ndefu na nyembamba. Imewambwa ngozi upande mmoja tu, na upande wa pili uko wazi. Mpigaji huibana katikati ya mapaja, akaiinamisha na kuipiga kwa viganja huku akicheza pamoja na wenzake. Kuiinamisha huko si madaha. Tundu la chini likikaa juu ya ardhi, sauti hufungiwa ndani. Likiinuliwa, mvumo hutoka. Na kwa kuwa mchezaji huibeba ngoma yake muda wote wa mchezo, fundi hulazimika kufikiria uzito tangu siku anapochagua gogo.

Mti unaosifiwa zaidi kwa kazi hii ni muringa, ambao wataalamu wa mimea huuita Cordia africana. Mbao zake ni nyepesi, hazimsumbui mchongaji, na hazishambuliwi upesi na mchwa. Kwa sababu hizo hizo, mti huo umetumiwa pia kuchonga mizinga ya nyuki, kazi inayojulikana sana katika nchi kavu za Tharaka na Mbeere. Ajuaye kutoboa gogo liwe mzinga hayuko mbali na kutengeneza ngoma. Tofauti ni kwamba nyuki hawalalamikii sauti mbaya.

Fundi hukata gogo na kulichonga lingali bichi, kwa maana muringa ukikauka huwa mgumu zaidi kwa chombo. Nje hutumia shoka na tezo. Ndani hutumia patasi ndefu, akichimba kidogo kidogo kutoka pande zote mbili hadi mashimo yakutane. Hapo ndipo penye hatari. Ukuta ukibaki mnene, ngoma huwa nzito na sauti yake hafifu. Ukipunguzwa mno upande mmoja, gogo hupasuka linapokauka, na kazi yote huishia jikoni kama kuni. Ndiyo maana gogo lililochongwa huwekwa kivulini, mbali na jua kali na upepo, likauke polepole. Ngozi huja baadaye: hulowekwa, hunyolewa manyoya, na huwambwa ingali na maji ili ijikaze yenyewe inapokauka. Kabla ya mchezo huoteshwa jua au moto, maana unyevu wa hewa ya mlimani huilegeza.

Mtengenezaji wa gitaa la mkono angeielewa hofu hiyo ya ukuta. Fundi Mhispania Antonio de Torres, aliyeishi kuanzia 1817 hadi 1892 na ambaye umbo lake la gitaa ndilo linalofuatwa hadi leo, aliwahi kutengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi ngumu, ili kuonyesha kwamba sauti hutegemea zaidi ubao wa juu. Ubao huo una unene wa milimita mbili au tatu hivi. Lakini mwenye gitaa hununua mbao zilizokwisha kauka kwa miaka, na shina moja humtosha kwa magitaa mengi. Mwenye ngoma huhitaji kipande kizima cha shina, kinene na kisicho na ufa, kwa ngoma moja tu.

Na shina la namna hiyo si rahisi kulipata siku hizi. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka wa 1999 ulionyesha jinsi misitu ya Mlima Kenya na Imenti ilivyokuwa ikiangamizwa na wakata miti na wachoma makaa, na mwaka uliofuata hifadhi ya Mlima Kenya iliwekwa chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Rais William Ruto alitangaza kuiondoa marufuku hiyo mwaka wa 2023, na suala hilo likafikishwa mahakamani. Ulinzi huo ulihitajika. Hakuna ngoma inayostahili kulipiwa kwa chemchemi za mlima.

Limebaki shamba. Katika ukanda wa kahawa wa Embu na Meru, wakulima wameacha muringa usimame kati ya mibuni kwa ajili ya kivuli. Hata hivyo, wengi hupendelea kupanda mgrevilea, ambao hukua haraka na kuwapa kuni na mbao mapema. Muringa unaofikia unene wa ngoma humgombanisha fundi na seremala wa viti na makabati, naye seremala mara nyingi ndiye mwenye fedha mkononi.

Wateja wa ngoma, kwa upande wao, wapo. Shule huzihitaji kwa mashindano ya muziki, na vikundi vya utamaduni kwa sherehe. Hata makanisa huzitumia, jambo ambalo lingewashangaza wamisionari wa kwanza, waliowakataza waumini wao kucheza ngoma za jadi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, ulichangia kuifungulia ngoma mlango wa misa ya Kikatoliki.

Ngoma iliyotengenezwa vizuri huzeeka polepole. Ngozi ikichanika huwambwa nyingine juu ya gogo lile lile, na gogo linaweza kumaliza ngozi kadhaa kabla mwenyewe hajalazimika kurudi kwa mkulima kuulizia muringa mwingine.