Ufunguo wa Chumba cha Treni

Ndugu msomaji, usinicheke ukiona naandika habari za treni za kuchezea. Mwaka 1946, huko Marekani, wanafunzi wa chuo cha MIT walianzisha klabu ya treni ndogo. Chumba chao kilikuwa katika Jengo Namba 20, banda la mbao lililojengwa haraka haraka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Meza moja, watu wa namna mbili. Juu, wapenda mabehewa, vilima na vijumba vya kupaka rangi. Chini, wamejikunja kama mafundi gereji, wapenda nyaya, wakiunganisha vipuri vya simu ili treni zipishane. Wa juu bila wa chini, treni haiendi. Wa chini bila wa juu, inakwenda wapi?

Lakini kinachonigusa mimi ni ufunguo. Mgeni alifanyia reli kazi kwa saa 40, ndipo akapewa ufunguo wake mwenyewe, aingie hata saa nane usiku. Kwenye mikesha hiyo walizua hata lugha yao; Peter Samson akaikusanya katika kamusi mwaka 1959.

Jengo lilibomolewa 1998. Klabu ilikuwa imeshahama, haikufa.

Sisi waandishi chipukizi wa mtaani kwetu tulikuwa na chumba kimoja, ufunguo mmoja, na mwenye ufunguo mmoja. Aliponuna, tukawa tunasomeana hadithi chini ya mwembe, mvua ikitunyeshea. Juzi nikamsimulia habari ya saa 40. Akaniangalia weee, akasema, "Haya bwana, anza na ufagio."

Nimeshafika saa ya sita.