Mdeni asilizuie sharti: kanuni iliyoanzia kwa mtumwa wa Roma

Katika Roma ya kale, bwana aliweza kuandika kwenye wosia kwamba mtumwa wake awe huru akimlipa mrithi sarafu 10,000. Bwana akishafariki, mtumwa huyo aliendelea kutumika chini ya mrithi, lakini sasa alikuwa na ahadi yenye sharti, na aliyepaswa kuitimiza ahadi hiyo ndiye aliyenufaika isipotimia.

Hila hazikukosekana. Mrithi angeweza kumwuza mbali, kukataa kupokea fedha zake, au kumnyima nafasi ya kuzichuma. Sheria za Mbao Kumi na Mbili, zilizoandikwa takriban mwaka 450 kabla ya Kristo, ziliziba mwanya wa kwanza: mtumwa akiuzwa, atamlipa mnunuzi kiasi kilekile na kuwa huru. Wanasheria wa baadaye wakaziba iliyobaki. Walisema kwamba mrithi akizuia sharti lisitimie, basi lihesabiwe limetimia, na mtumwa aende zake.

Mwanzoni mwa karne ya 3 baada ya Kristo, mwanasheria Ulpian aliitaja kanuni hiyo kuwa imekwisha kukubalika, tena si kwa watumwa tu, bali pia katika urithi na mikataba. Mwaka 533 maneno yake yaliingizwa katika Digest, mkusanyo wa sheria ulioamriwa na Kaizari Justinian. Kanuni iliyomlinda mtu asiye na haki karibu yoyote ikawa ngao ya kila mdai.

Mfano waliopenda kuutumia wanasheria wa Roma ni huu: nitakulipa iwapo meli itafika kutoka Asia. Kabla meli haijatia nanga, mdai hawezi kudai chochote. Hata hivyo hayuko mikono mitupu, kwani akifa kabla ya meli kufika, tumaini lake la kulipwa linarithiwa na wanawe. Na mdeni akifanya njama meli isifike, atalipa kana kwamba imefika.

Mafundisho hayo yalisomwa Bologna tangu mwishoni mwa karne ya 11, na mwaka 1761 yakapangwa upya na Robert-Joseph Pothier wa Orléans katika kitabu chake kuhusu wajibu wa kisheria. Sheria ya Kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804 iliyaweka katika vifungu vifupi. Kifungu cha 1178 kilirudia kanuni ya Ulpian. Kifungu cha 1174 kilibatilisha wajibu ambao sharti lake limo mikononi mwa mdeni mwenyewe. Anayesema “nitalipa nikitaka” hajaahidi kitu.

Sheria hiyo ilifika Afrika ya Kati kwa amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyohusu mikataba katika Dola Huru la Kongo. Hapo pana uchungu wa kihistoria. Utawala wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, uliowatumikisha watu kwa nguvu kukusanya mpira, uliandika katika vitabu vyake sheria yenye kanuni iliyozaliwa ili mtumwa asidhulumiwe. Wabelgiji waliipeleka pia Ruanda-Urundi, na nchini Kongo amri hiyo ndiyo msingi wa sheria ya mikataba hadi leo, kwa mfanyabiashara wa Lubumbashi sawa na wa Goma.

Ufaransa yenyewe iliandika upya sheria yake ya mikataba mwaka 2016, na kanuni ikabaki. Inaonekana wazi katika ununuzi wa nyumba. Mtu anasaini kwamba atanunua akipata mkopo wa benki, kisha anaghairi. Haendi kuomba mkopo, au anaomba kiasi kikubwa kuliko walichoandikiana ili akataliwe. Mahakama huweza kusema kwamba sharti limetimia, na mnunuzi akabeba gharama ya kuvunja ahadi.

Sharti ni jambo la haki pale linapoachiwa bahati, wakati au uamuzi wa mtu mwingine. Likiachiwa mdeni, linakuwa mlango wa kutorokea. Kwa hiyo anayetia saini mkataba wenye neno “iwapo” aulize kwanza: ni nani anayelishika sharti hili, na akilizuia, nitalindwa vipi? Jibu la swali hilo lilipatikana kwanza kwa ajili ya watu wasiomiliki hata miili yao, na sisi tunaolirithi tuna wajibu wa kulifahamu na kulidai.