Mageuzi au Mageuko? Funzo la Mgomba wa Karagwe

Istilahi mbili hugombania maana moja katika elimu ya viumbe: mageuzi na mageuko. Ili tuzipambanue, na tuutazame mgomba.

Asili ya mgomba ni Asia, nao ulifika nyanda za maziwa makuu karne nyingi zilizopita. Katika vibanja vya Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, ndizi za kupika zina aina na majina mengi. Hata hivyo, uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa zote ni ndugu wa karibu mno. Mgomba huu hauoteshwi kwa mbegu bali kwa machipukizi. Mara chache chipukizi hutofautiana kidogo na mama yake. Mkulima hakuiumba tofauti hiyo. Aliiona, akaipenda, akaipanda, akaipa jina.

Porini hapana mkulima. Ukame na maradhi huchuja, na anayesalia huacha kizazi. Charles Darwin aliyaeleza hayo mwaka 1859, akianzia kwenye mimea na mifugo ya binadamu.

Mageuzi hutokana na kugeuza, penye mtendaji. Mageuko hutokana na kugeuka. Kwa kuwa tofauti huzuka pasipo wa kuikusudia, twapendekeza mageuko. Mwanafunzi asije akadhani kuwa mmea hujibadili kwa hiari. Mnyauko wa bakteria ulipoingia Kagera miaka ya 2000, mgomba haukuweza kuamua kujikinga: penye tofauti chache, uchujaji hukosa cha kubakiza.