Tabibu wa Karema, miaka 70 baadaye

Mgeni akifika Kigoma, hupelekwa Ujiji kuuona mnara wa Livingstone, tabibu na mhubiri. Ni haki yake. Ila kusini zaidi kando ya Ziwa Tanganyika, Karema, leo mkoa wa Katavi, amezikwa mtu aliyeziunganisha kazi hizo mbili katika kituo kimoja kwa miaka 67. Ni Adrien Atiman, na mwaka 2026 unatimiza miaka 70 tangu afariki.

Alizaliwa kando ya mto Niger yapata mwaka 1866. Simulizi yake, iliyochapwa 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, inaeleza alivyoibwa utotoni, akauzwa na kuvushwa Sahara hadi Aljeria, ambako Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha.

Hapo ndipo Kadinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo la wamisionari, alipoingia na hesabu zake. Wamisionari wa Kizungu walikuwa wakifa kwa homa. Basi wasomeshwe utabibu vijana Waafrika waliokombolewa. Hakuwataka wawe mapadri. Waoe, wajitegemee, wakae na watu, wafundishe dini huku wakitibu, maana mganga hufunguliwa mlango hata pale mhubiri anapofungiwa. Akawapeleka Malta. Wakati huohuo alisisitiza wasigeuzwe Wazungu. Miaka saba Malta, kisha kijana arudi kama alivyoondoka! Na arudi wapi? Kwao ni kando ya mto Niger. Karema alikuwa mgeni sawa na mapadri Wafaransa waliomtangulia.

Alifika 1889, kituo kikiwa bado ngome iliyojengwa na Wabelgiji miaka kumi nyuma, wakaiachia misheni 1885. Ugeni huo aliumaliza kwa ndoa. Alimuoa Agnes Wansahira, binti wa chifu wa Kibende, na mtoto wao Joseph akawa padri. Lavigerie alifariki 1892. Wajerumani wakaja, wakaondoka, wakaja Waingereza. Atiman alikuwa palepale, katekista na daktari, hadi miaka mitano kabla ya Uhuru.

Dar es Salaam kuna Atiman House, jina ambalo wengi hulipita bila kuuliza ni la nani. Tunapotaja madaktari wa mwanzo wa Kiafrika nchini, huyu angestahili kutajwa kabla ya wengi, lakini katekista hana chama cha kumsemea. Karema sasa ina bandari mpya, iliyojengwa kwa kulenga mizigo ya Kongo. Kibao kimoja pale gatini, cha kumwelekeza abiria kaburini, hakiwezi kuishinda bajeti yoyote ya utalii.