Hiyo 50 yako ilizaliwa kwa ajili ya giza

Wadau wa picha, tuambiane ukweli. Mtu akinunua kamera hizi mpya zisizo na kioo ndani, ushauri wa kwanza anaopewa ni: tafuta lenzi ya 50, f/1.8. Kwa nini? "Inafuta nyuma balaa!" Sawa, inafuta. Ila lenzi zinazofunguka sana zilizaliwa kupambana na giza.

Mwaka 1840 Joseph Petzval alibuni lenzi ya f/3.6, enzi ambazo kupigwa picha ilikuwa kazi ya kukaa kama sanamu. Mwaka 1924 Ujerumani ikatoa Ernostar ya f/2, wapiga picha wakaingia hadi mahakamani bila flashi. Mwaka 1932 Zeiss wakaja na Sonnar ya milimita 50, f/1.5.

Hesabu yenyewe hii hapa: lenzi inayokuja na kamera, ukiivuta hadi 50, mara nyingi inaishia f/5.6. Ile ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10. Kwenye ngoma ya usiku pale Lionja, yenye balbu moja tu, hiyo ndiyo tofauti ya picha na ukungu.

Sasa njoo Nachingwea yenyewe. Waingereza walileta mradi wa karanga, ukafa 1951. Baadaye wapigania uhuru wa FRELIMO wakafanya mazoezi hapo, wanawake kwa wanaume, hadi Msumbiji ikawa huru 1975. Picha za enzi hizo zipo, lakini wengi waliomo hawakuandikwa majina. Hata aliyeshika kamera mara nyingi hatajwi. Kinachobaki kutusimulia ni vitu vilivyo nyuma yao: paa, miti, gwaride. Ukifuta nyuma, unabaki na mtu asiye na jina wala kwao.

Kwa hiyo, ununue? Nunua. Canon RF 50 f/1.8 ya 2020 ina gramu 160 tu, japo ukiifungua yote pembeni inalegea kidogo. Nikon Z 50 f/1.8 S ni nzito, gramu 415, lakini inakata vizuri tangu f/1.8. Kama kamera yako ina sensa ndogo, 50 itakubana, chukua 35.

Usiku fungua yote. Mchana, bibi akiwa amesimama kwenye mikorosho yake, funga hadi f/8 mikorosho ionekane. Halafu andika jina lake.