Tiba ya Uzingativu kwa Sonona

Tiba ya uzingativu kwa sonona ni tiba ya kisaikolojia ya kikundi, inayomfunza mtu aliyewahi kuugua sonona kuyatambua mawazo yake ya huzuni mapema na kuyaona kuwa mawazo tu, si ukweli kumhusu yeye. Ilibuniwa na Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale, waliounganisha tiba ya utambuzi, yaani ile inayochunguza fikra zinazozaa huzuni, na mafunzo ya uzingativu, yaani kuelekeza umakini kwenye wakati uliopo bila kuhukumu, yaliyoanzishwa na Jon Kabat-Zinn nchini Marekani mwaka 1979.

Mafunzo huchukua wiki 8. Katika zoezi la kwanza mshiriki hupewa zabibu kavu moja, akaitazama, akaipapasa na kuinusa kabla ya kuitafuna polepole. Baadaye hujifunza kutulia kwa dakika 3 akifuatilia pumzi yake. Utafiti wa mwaka 2000 ulionyesha kuwa tiba hii hupunguza sana hatari ya sonona kurudi kwa watu waliougua mara 3 au zaidi.

Kwa anayehitaji msaada wa sonona, tuseme mkazi wa Bombambili, kata ya Manispaa ya Songea nchini Tanzania, safari ya matibabu huanzia zahanati au kituo cha afya, na rufaa huelekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Uzingativu hauchukui nafasi ya dawa bila ushauri wa daktari, na mwenye mawazo ya kujiua anastahili kupelekwa hospitali mara moja.