Uzamili wa hisabati ya fedha: Chuo kipi kitangulie?

Mhitimu wa hisabati au takwimu kutoka Mbumbuni, kaunti ya Makueni, anapotaka kusomea shahada ya uzamili katika hisabati ya fedha, jambo la kwanza analokutana nalo ni orodha za kimataifa. Orodha ya QuantNet, mathalan, katika miaka ya karibuni imekuwa ikiviweka vyuo vya Princeton na Baruch, vyote vya Marekani, karibu na kilele. Mzazi anayelipa karo kwa maembe na ndengu huitazama orodha hiyo na kuanza kujiuliza iwapo auze shamba.

Asiliuze kabla ya kujua orodha hiyo hupangwa vipi. Uzito mkubwa hupewa ajira na mshahara wa mwanzo wa mhitimu, aghalabu katika benki na kampuni za uwekezaji za nchi hiyo, pamoja na ugumu wa kupata nafasi chuoni. Kwa anayenuia kuishi huko, vigezo hivyo vina maana. Kwa anayetarajia kufanya kazi Nairobi, swali la kwanza ni nani atakayelipa, na la pili ni iwapo anachofundishwa kina mnunuzi hapa nchini.

Somo lenyewe ni hesabu ya uwezekano inayotumiwa kupima bei, riba na hasara. Mkulima anayekubaliana leo na mfanyabiashara kuhusu bei ya ndengu zitakazovunwa baada ya miezi mitatu ameingia katika mkataba ambao wataalamu hawa hukokotoa thamani yake. Soko la Hisa la Nairobi lilianzisha biashara ya mikataba ya aina hiyo, ya hisa lakini si ya ndengu, Julai 2019. Hata hivyo, kazi nyingi ziko kwingine. Tangu Januari 2018 kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IFRS 9, huzitaka benki zikadirie mapema hasara ya mikopo ambayo huenda isilipwe. Kampuni za bima na hazina za uzeeni nazo zinahitaji wakokotoaji. Huko Marsabit, bima ya mifugo iliyozinduliwa mwaka 2010 hupima ukame kwa picha za setilaiti zinazoonyesha hali ya malisho. Bila hisabati hii bima kama hiyo haiwezi kuwekewa bei.

Kwa vigezo hivyo, nafasi ya kwanza naipa Taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika iliyo katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Juja. Uzamili wake wa hisabati una tawi la fedha, na Umoja wa Afrika hutoa ufadhili wa karo na posho. Tatizo ni ushindani: waombaji hutoka bara zima, na kuwa jirani wa Juja hakumpi mtu upendeleo. Matangazo yake pia yamekuwa yakiweka ukomo wa umri, miaka 30 kwa wanaume na 35 kwa wanawake, hivyo anayesitasita huweza kuchelewa kabisa.

Chuo Kikuu cha Strathmore kinafuata. Shahada yake ya hisabati ya fedha na uchanganuzi wa hatari ndiyo iliyo karibu zaidi na mahitaji ya benki za Nairobi. Kwa aliye na mshahara tayari ningeiweka ya kwanza, lakini kwa asiye na kazi, karo yake ni mzigo mzito.

Chuo Kikuu cha Nairobi nakiweka cha tatu kwa uzamili wake wa takwimu bima, unaomfaa anayelenga bima na malipo ya uzeeni kuliko masoko ya hisa.

Nje ya Kenya, Chuo Kikuu cha Cape Town kina uzamili wa hisabati ya fedha ambao kwa kina cha masomo nauona kuwa bora kuliko yote niliyotaja. Gharama ya kuishi ugenini ndiyo inayoushusha. Taasisi ya AIMS mjini Kigali haifundishi fedha pekee, ila ufadhili wake humpa mwanafunzi msingi imara wa hisabati kabla ya kuendelea mbele.

Mwombaji asisahau kwamba KUCCPS haigawi nafasi za uzamili. Huomba chuoni moja kwa moja, na ni vyema athibitishe kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwamba kozi imeidhinishwa. Akiulize chuo vilevile wanafunzi wangapi wa mwaka uliotangulia walimaliza tasnifu zao. Wengi hufaulu mitihani yote kisha wakakwama miaka mingi wakimsubiri msimamizi, na hakuna orodha ya kimataifa inayolihesabu hilo.